Sifuri Mbili

Katika hesabu sifuri ni moja, lakini katika kazi ya kupima umeme sifuri ni mbili. Ya kwanza ni ile isemayo kweli ya kwamba kitu hakipo. Ya pili ni sifuri ya mtu aliyenyamaza: ulimwuliza habari, hakujibu, nawe ukadhani ya kwamba kimya chake ni jibu. Kwa macho hazitofautiani hata kidogo, maana sindano ya kipimo hulala mahali pale pale kwa zote mbili. Lakini kwa mtu aliye karibu kushika chuma kwa mkono wake, tofauti ya sifuri hizi ni tofauti ya uzima na mauti.

Nataka kueleza habari za chombo kidogo kilichobuniwa ili kutenganisha sifuri hizo. Aghalabu si kikubwa kuliko kitabu cha mfukoni. Hufungwa ndani ya kabati la chuma pamoja na ndugu zake, na mgeni azuruye kiwanda hukipita pasipo kukitazama. Mafundi wetu hukiita transmita. Mimi katika insha hii nitakiita mjumbe, kwa sababu kazi yake ni ujumbe mtupu: huchukua habari za umeme ulio mahali pa hatari, akazipeleka kwa mtu aliye mahali pa salama. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika viwanda mjumbe huuawa mara nyingi, kwa joto, kwa unyevu, kwa mtikisiko na kwa panya wapendao kutafuna waya. Na shida yote ya insha hii ni kujua amekufa lini.

Kwanza yatupasa kukumbushana jambo ambalo msomaji amekwisha kulisoma darasani. Umeme unaofika majumbani mwetu kwa nguzo ni umeme geu. Huenda na kurudi, na katika kila sekunde moja hubadili mwendo wake mara 100. Umeme mnyoofu hauna tabia hiyo; hushika njia moja kama mto. Ndio umeme wa betri ya tochi, wa betri ya gari, na wa vioo vya jua. Watu wengi hudhani ya kwamba ni umeme wa vitu vidogo tu, kwa sababu wameuzoea katika vitu vidogo. Huko Garissa kipo kituo cha umeme wa jua kilichofunguliwa mwaka 2019, chenye uwezo wa megawati 50 hivi, na umeme wake wote huzaliwa ukiwa mnyoofu kabla haujageuzwa. Tena tangu mwaka 2022 nchi yetu imeunganishwa na Ethiopia kwa njia ya umeme mnyoofu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Wolayita Sodo hadi Suswa, na msukumo wake ni volti 500,000 juu ya ardhi kwa waya mmoja na volti 500,000 chini ya ardhi kwa waya wa pili. Sisemi chini ya udongo. Nasema chini kwa hesabu, kama vile tusemavyo digrii chini ya sifuri.

Kuupima umeme geu ni kazi nyepesi kwa kadiri. Kwa kuwa hubadilika daima, waweza kuuzungushia koili ya waya, nao ukazaa ndani yake umeme mwingine mdogo unaoufuata mkubwa kama kivuli kimfuatavyo mtu. Hiyo ndiyo kazi ya transfoma. Umeme mnyoofu hauna kivuli cha namna hiyo. Ukiuweka mbele ya transfoma, transfoma haioni kitu. Kwa sababu hii, mtu atakaye kuupima lazima aukaribie kwa njia nyingine, na kila njia ina gharama yake.

Njia ya zamani nilifundishwa katika chuo cha ualimu. Tulipewa galvanomita, kijisanduku chenye sindano iliyokuwa nyepesi mno hata pumzi ingeweza kuitikisa, na mwalimu wetu akatuuliza jinsi ya kukipimia mkondo ulio mara elfu ya kadiri yake. Jibu ni shanti. Shanti ni kipande cha madini chenye ukinzani mdogo sana ambacho mkondo mkubwa hupita ndani yake, nao katika kupita huacha tofauti ndogo ya volti baina ya ncha mbili. Sindano husoma tofauti hiyo ndogo tu. Katika chuo shanti zetu zilikuwa nyembamba kama njiti. Baadaye niliona shanti ya kiwandani iliyotengenezwa kwa ajili ya ampea 1,000: vipande viwili vizito vya shaba vilivyounganishwa kwa mabamba ya manganini, mchanganyiko wa shaba, manganisi na nikeli ambao ukinzani wake karibu haubadiliki kwa joto. Ampea 1,000 zikipita, shanti hiyo hutoa milivolti 60. Msomaji aweza kupiga hesabu mwenyewe kwa kanuni aliyoiandika Georg Ohm mwaka 1827, akaona ya kwamba ukinzani wake ni sehemu 60 za milioni ya omu moja, na joto linalopotea ni wati 60, kama la balbu ya kizamani. Si gharama kubwa. Kwa volti mambo ni rahisi zaidi: hupangwa vikinzani kwa mfululizo, sehemu 99 upande mmoja na sehemu 1 upande wa pili, na volti 500 hushuka zikawa volti 5 ambazo chombo chepesi chaweza kuzisoma.

Hapa mwanafunzi mwenye akili huuliza kwa nini basi tusivute waya mbili kutoka kwenye shanti hadi kwenye chumba cha kipimo, tukamaliza. Niliuliza hivyo mimi pia, na aliyenijibu si mwalimu wa chuo. Alikuwa ni mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyefanya kazi ya ufundi umeme kwa miaka zaidi ya thelathini katika kiwanda kimoja cha vyuma karibu na bandari, kiwanda ambacho sitakitaja jina. Jibu lake halikuwa somo. Lilikuwa ni habari ya kijana mmoja.

Katika kiwanda kile ilikuwapo winchi kubwa iliyotembea juu ya vichwa vya watu, ikibeba vyuma kutoka upande mmoja wa jengo hadi wa pili. Ilikuwa winchi ya zamani, ya umeme mnyoofu wa volti 250, nayo iliupata umeme wake kwa kusugua reli ya shaba iliyopita urefu wote wa jengo, juu karibu na paa. Reli ile haikuwa na ganda. Winchi ikisimama, reli hukaa kimya. Haina sauti, hainguruma, hakuna kinachozunguka, nayo ina umeme ule ule. Katika chumba cha umeme kilikuwapo kipimo cha kuonyesha volti za reli. Kilipata habari zake kutoka kwa mjumbe aliyekuwa mwisho wa jengo, naye alikuwa wa namna ya kwanza: reli isipokuwa na umeme, alipeleka sifuri, reli ikiwa na volti 500, alipeleka volti 10, na kati ya hapo alipeleka kwa kadiri yake.

Mwaka 2005, usiku mmoja wa Jumamosi, winchi ilisimamishwa ili isafishwe. Kijana mmoja aliambiwa apande. Kabla hajapanda aliingia chumba cha umeme, akatazama kipimo, sindano ilikuwa juu ya sifuri. Akapanda akiwa na spana mkononi. Umeme ulikuwa haujazimwa. Waya wa mjumbe ulikuwa umelegea kwa mtikisiko wa miezi mingi, ukachomoka katika skrubu yake siku ile au siku iliyotangulia, hakuna ajuaye. Spana ilipogusa reli na chuma cha paa kwa pamoja ulitokea moto mweupe. Mjomba alisema ya kwamba kivuli cha kila mtu kiliandikwa ukutani. Moto wa umeme geu hupata nafasi ya kuzimika kila mkondo unapopita sifuri, yaani mara 100 katika sekunde. Moto wa umeme mnyoofu haupati nafasi hiyo, bali huendelea kuvutika kama gundi mpaka kitu fulani kikate. Fyuzi ilipokata, mkono wa kuume wa kijana ulikuwa umekwisha kuungua. Aliishi. Vidole viwili havikurudi kufanya kazi, na baada ya mwaka aliacha ufundi akarudi kwao kulima.

Yalisemwa mengi baadaye. Wengine walisema kijana alikosa kwa kutozima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, na ni kweli ya kwamba kanuni ilimtaka ahakikishe. Wengine walimlaumu aliyemtuma. Mjomba hakubishana nao. Lakini aliniambia neno moja ambalo nalikubali mpaka leo: mtu yule alimwuliza mjumbe swali la haki, na mjumbe alikuwa amefundishwa kujibu kwa neno lile lile kama reli imekufa au kama yeye mwenyewe amekufa. Kwa maoni yangu, chombo chenye ishara moja kwa maana mbili kina kasoro hata kikiwa kizima.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana wakati ule, na haina ghali. Mjumbe wa namna ya pili hatumii volti; hutumia mkondo. Tena haanzi kuhesabu kwenye sifuri. Reli isipokuwa na umeme hupeleka miliampea 4. Reli ikiwa na volti 500 hupeleka miliampea 20. Basi miliampea 4 ni sifuri iliyo hai: ni sauti ya mjumbe akisema, "Nipo, nimetazama, hapana kitu." Waya ukikatika, mkondo hushuka ukapita chini ya 4 mpaka ukawa sifuri kabisa, na sindano huanguka nje ya maandishi yake upande wa kushoto. Hata mtu asiyejua kusoma huona ya kwamba pana jambo. Katika mapatano yanayofuatwa na viwanda vingi, mkondo ulioshuka hadi miliampea 3.6 au chini yake, au uliopanda hadi 21 au zaidi, huhesabiwa kuwa kilio cha mjumbe wala si habari ya kitu kinachopimwa, na kengele hulia.

Wazo hili ni la zamani kuliko chombo chenyewe. Kabla ya vyombo vya namna hii kuenea, viwanda vilipeleka habari kwa upepo uliobanwa ndani ya mabomba membamba, na upepo ule ulianza kwa ratili 3 kwa kila inchi mraba ukaishia kwa ratili 15. Bomba likipasuka, upepo hushuka chini ya 3. Msomaji aangalie ya kwamba 3 kwa 15 ni sawasawa na 4 kwa 20. Sifuri hai ilirithiwa kutoka kwa upepo.

Kwa nini mkondo badala ya volti? Sababu yake ni nzuri, nayo huwapendeza wanafunzi wangu kuliko yote. Katika waya mmoja usio na matawi, mkondo ni ule ule kila mahali. Tuseme waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5 wavutwa mita 500 kwenda na mita 500 kurudi. Ukinzani wake ni kama omu 11 na nusu. Ukipeleka habari kwa volti, waya mrefu waweza kuila sehemu ya habari njiani, na kelele za mota kubwa zikajipachika juu yake. Ukipeleka kwa mkondo, mjumbe husukuma mpaka miliampea zake zitimie, waya uwe mfupi au mrefu, maadamu volti 24 za kumlisha zinatosha kwa ukinzani wote uliopo njiani. Mwisho wa safari huwekwa kikinzani cha omu 250, na miliampea 4 hadi 20 zikipita ndani yake huwa volti 1 hadi 5. Hesabu ni ya kidato cha pili. Tena wapo wajumbe ambao hizo miliampea 4 za mwanzo ndizo chakula chao. Hula na kusema kwa waya mbili zile zile.

Kila mwaka mwanafunzi fulani huniuliza mlinganyo wa mstari mnyoofu utamfaa nini maishani. Siku hizi nina jibu. Ukiita volti za reli V, mkondo wa mjumbe ni 4 kuongeza 0.032 mara V. Kwa volti 0 ni 4, kwa 125 ni 8, kwa 250 ni 12, kwa 375 ni 16, kwa 500 ni 20. Kijana yule angaliona 12, asingalipanda.

Limebaki jambo moja ambalo mjomba alilihesabu kuwa kubwa kuliko miliampea zenyewe. Waya ukitoka kwenye reli ya volti 250 ukaingia moja kwa moja katika chumba ambamo watu wameketi wakinywa chai, basi reli imeingia chumbani. Siku kikinzani kimoja kikiungua, kitasa cha kipimo chaweza kuwa na umeme wote. Kwa hiyo ndani ya mjumbe pana ukuta. Upande mmoja ni wa hatari, upande wa pili ni wa salama, na hakuna waya hata mmoja upitao katikati. Ni kama majirani wawili waliotengwa na ukuta wa mawe: sauti hupita, mwizi hapiti. Sauti hiyo hupitaje? Namna moja ni kuukatakata umeme mnyoofu haraka haraka mpaka ufanane na umeme geu, ukaupitisha katika transfoma ndogo kwa nguvu ya sumaku, kisha ukaunyoosha tena upande wa pili. Namna nyingine ni kuwasha kitaa kidogo upande huu na kuweka jicho la kuona mwanga upande ule. Wapo pia wapimao mkondo pasipo kuugusa kabisa, kwa kutazama nguvu ya sumaku inayouzunguka waya; wao hutegemea jambo lililogunduliwa mwaka 1879 na Edwin Hall, aliyekuwa bado mwanafunzi huko Baltimore, Marekani, alipokuwa akijaribu karatasi nyembamba ya dhahabu mbele ya sumaku. Katika stesheni za umeme mnyoofu mkubwa, kama ile ya Suswa, ukuta wa namna hii hauwezi kuwa wa milimita chache. Aghalabu habari za mkondo ulio juu kule hushushwa kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, maana kioo hakipitishi umeme.

Mwaka uliopita nilipomaliza kuyaeleza haya darasani, msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye si mwepesi wa kunyosha mkono, aliuliza: "Mwalimu, je, mjumbe akiwa hai lakini asema uongo? Akiganda juu ya miliampea 4, na reli ina umeme?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana swali lake ndilo mpaka wa dawa yote niliyoisifu. Sifuri hai humfichua mjumbe aliyenyamaza. Haimfichui mwongo.

Nilikwenda likizo nikampelekea mjomba swali lile. Amestaafu sasa, akaa kwake Likoni na kufuga kuku. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, nilimweleza alivyouliza mwanafunzi. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Huyo binti mwambie aje afanye kazi. Mwongo hatafutwi kwa masikio, mwanangu. Hutafutwa kwa kupimwa."

Alinieleza taratibu zake mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kila siku: hakupata kugusa chuma kwa ushahidi wa kipimo kilicho ukutani, hata baada ya wajumbe wapya kufungwa. Alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli lake, akautia ufunguo mfukoni. Kisha alichukua kipimo chake cha mkononi, akakijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme, akapima reli, akarudi kukijaribu tena mahali pale pa kwanza, ili ajue ya kwamba hakikufa katikati ya kazi. Ya pili ilikuwa ya kila mwaka, kiwanda kinapofungwa. Alimfungua kila mjumbe kutoka kwenye waya zake, akampa volti anazozijua yeye, 0, 125, 250, 375 na 500, akaandika alichojibu.

Aliingia ndani akaniletea daftari lenye jalada lililoliwa na mende. Kila ukurasa ni mjumbe mmoja, na kila mstari ni mwaka mmoja, kwa wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyesoma mpaka darasa la nane na kuandika kwa uangalifu. Nililiomba ili wanafunzi wachore grafu kutokana na hesabu za kweli, naye akanipa kwa sharti la kulirudisha. Karibu mistari yote ni 4, 8, 12, 16, 20, pengine na nukta moja au mbili zaidi. Katika ukurasa wa mjumbe wa reli ya winchi, mstari wa mwaka 2011 wasomeka 4.0, 7.7, 11.3, 15.0, 18.6. Pembeni ameandika: "Sifuri yake ni nzuri, ila kadiri umeme uzidivyo yeye huupunguza. Nimemtoa."